Mgao wa Koo

Kila mji unaokula nyama una watu wake wa kisu, na popote penye watu wa kisu pana mgao. Mwenye mali huchukua paja, ubavu na sarara; mfanyakazi huchukua kile ambacho meza ya tajiri haikijui hata kwa jina. Desturi hiyo haiandikwi popote, na anayeivunja hupata maadui kabla jua halijatua. Katika machinjio madogo yaliyokuwa nje kidogo ya Riruta, ambayo nyama yake ilipelekwa kila asubuhi kwenye nyumba za Wazungu za Muthangari na Hurlingham, wachuna ngozi walikuwa na haki ya mafuta ya juu, mtu wa matumbo alikuwa na haki ya utumbo mwembamba, na mtu wa shingo alikuwa na haki ya koo.

Nzomo alikuwa mtu wa shingo.

Alikuwa Mkamba wa milima ya Mbooni, aliyezaliwa wakati wa nzige, akaja Nairobi baada ya vita akiwa kijana mwenye mabega mapana na maneno machache. Miaka ya kwanza alibeba maji na kusugua sakafu pale machinjioni. Nafasi ya shingo ilikuwa ya Mungai, Mkikuyu mtu mzima, fundi ambaye kisu chake hakikuwahi kugonga mfupa. Kisha ikafika ile Aprili ya mwaka wa hamsini na nne, askari waliowasaka Mau Mau wakauzingira mji na kuwachambua Wakikuyu kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Mungai alikuwa amekwenda mjini kununua tumbaku. Hakurudi. Asubuhi iliyofuata nyapara alizungusha macho, akamwona Nzomo ndiye mrefu kuliko wote, akampa kisu. Ndivyo alivyopandishwa kazi. Aliachiwa kisu na ndoano. Neno la fundi hakuachiwa hata moja.

Kazi yenyewe aliijua kwa kuitazama. Kichwa kinaondolewa, ulimi unavutwa, halafu bomba la pumzi linatenganishwa na umio, na ile nyama iliyokumbatia koo inachunwa kwa ncha ya kisu. Ilikuwa nyama ya nyuzinyuzi, yenye mafuta kidogo, na chini tu ya kikoromeo palikuwa na vinofu viwili vyekundu, laini, vimelala huku na huku kama mabawa yaliyokunjwa. Mkaguzi alipima mapafu na maini, akagonga muhuri wake kwenye mapaja, akaenda zake. Koo halikumhusu. Nzomo alilifunga lote katika gazeti kuukuu, akalitia kwapani, na jioni akashuka nalo kwa miguu hadi Hurlingham.

Huko ndiko alikokuwa mkewe, Ngina. Walifunga ndoa kanisani kwao Mbooni, na mwaka wa hamsini na tano akapata ruhusa ya kumfuata mumewe mjini, kwa kuwa memsahib mmoja alitaka mwanamke wa kufua na kupiga pasi. Wakapewa chumba katika kota ya wafanyakazi nyuma ya nyumba, penye ua wa michongoma na bomba la maji. Ngina alikuwa mwanamke wa kifua na sauti. Akiimba nyimbo za kanisa huku akipiga pasi, mpishi wa jirani alizima moto ili asikilize. Hivyo ndivyo alivyosema Phoebe, yaya wa nyumba ya pili, mama wa Kijaluo aliyekuwa na jibu la kila jambo, hata lile asiloulizwa.

Nzomo alikulia katika nyumba ambayo baba alikula nyama na mama akanywa mchuzi. Aliwahi kumwona mama yake akilamba mwiko jikoni akidhani yuko peke yake, na jambo hilo lilimkaa rohoni kuliko fimbo zote alizopigwa. Akaapa kwamba mkewe hatalamba mwiko. Kwa hiyo nyama aliyoleta ilikuwa ya Ngina, yote. Yeye mchana alikula utumbo wa kuchoma na wenzake machinjioni, na jioni alikula ugali kwa sukuma, akidai kwamba mtu anayeshika nyama kutwa huichukia usiku. Huenda ilikuwa kweli. Ngina alikaanga koo kwa vitunguu, na vile vinofu vyekundu ndivyo alivyovipenda zaidi, kwa kuwa vilikuwa laini kama maini na havikuwa na uchungu. Alikula, Nzomo akamtazama akila, na kwake hiyo ndiyo ilikuwa saa nzuri ya siku.

Machinjioni walimtania. Musembi, mchuna ngozi aliyetoka bonde moja naye, ndiye aliyekuwa mkali wa ulimi.

"Nzomo, wewe umeoa mke au umefuga simba?"

"Simba wangu anaimba," alijibu Nzomo, na wengine wakacheka, kwa maana yeye kujibu utani lilikuwa jambo la mara moja kwa mwezi.

Mwaka uleule mimba ya kwanza ya Ngina ilitoka. Wazee husema mimba ya kwanza ni ya kupisha njia, na wote wawili wakajifariji kwa hilo. Lakini baada ya hapo Ngina hakurudi kuwa Ngina. Alianza kukonda, kwanza mashavu, kisha mikono, kisha ile kanga aliyoifunga mara moja ikamzunguka mara mbili. Na si kwamba hakula. Alikula kama mtu aliyetoka kuvuna, akamaliza sufuria, na baada ya muda mfupi akasema ana njaa. Julai, wakati ukungu unapolala juu ya Hurlingham hadi saa nne na watunza bustani wanaota moto wa majani, yeye alilala mlango wazi, shuka limetupwa chini, jasho likimtiririka. Mikono ilitetemeka. Akaunguza kola za bwana, mara moja, mara mbili, na memsahib akaanza kuuliza kama huyu mwanamke anakunywa pombe.

Wimbo nao ukaisha. Badala yake kikaja kilio cha ghafla na hasira isiyo na mlango. Siku moja alimrushia Phoebe kata ya maji kwa sababu alimwambia apumzike. Phoebe hakukasirika, alijifuta uso, jioni akamngojea Nzomo penye ua.

"Shemeji, huyu mtu anaungua ndani," alisema. "Usiku nasikia anatembea. Mpeleke mahali."

Nzomo alifikiria. Wengine walisema ni kifua kikuu, wengine minyoo, na mama yake mwenyewe alituma ujumbe kutoka Mbooni kwamba yawezekana kuna mtu aliyemfunga kwa uchawi. Yeye aliona jambo moja tu: mwili unapungua. Na mwili unaopungua dawa yake ni chakula. Siku ambazo ng'ombe walikuwa wengi, zamani aligawia majirani kile kilichomzidi Ngina. Sasa hakugawia mtu. Alivichagua vile vinofu laini, akaviweka juu kabisa ya furushi, na akikuta Ngina ameacha kimoja sahanini alimsihi akimalize. Kadiri alivyokonda ndivyo alivyomlisha.

Ngina alishika mimba tena mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na sita. Ndipo hofu ikaushinda ule uzito wa Nzomo wa kusema na watu wa ofisi, akamvalisha mkewe koti, wakapanda basi hadi mjini, kwa daktari Mgoa aliyekuwa na chumba ghorofani karibu na Bazaar. Jina lake lilikuwa Lobo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani na sauti ya upole, aliyezaliwa Nairobi hii hii na kusema Kiswahili cha mjini kisichojali ngeli.

Daktari Lobo alimsikiliza moyo kwa muda mrefu. Akamwambia Ngina anyooshe mikono, viganja chini, akaweka juu ya vidole karatasi nyepesi. Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini karatasi ikatikisika kama iliyopigwa na upepo. Akampapasa shingo, akamwambia ameze mate, akapapasa tena, akakunja uso.

Akaeleza kwamba kooni mwa kila mtu kuna tezi ndogo, na kazi yake ni kama ya mchochea kuni: ndiyo inayoamua mwili uwake kwa kasi gani. Ya Ngina, alisema, inachochea bila kukoma. Kilichomshangaza ni kwamba wagonjwa wa namna hii huwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni, na macho yaliyotoka nje, na huyu hana rovu, macho yake ni salama, na hiyo tezi yenyewe haishikiki kwa vidole. Hata hivyo dalili nyingine zote zilikuwepo. Akampa tembe za kuizuia tezi isitengeneze homoni yake, akasema baada ya wiki chache atakuwa mtu mwingine.

Walirudi baada ya wiki hizo, Ngina akiwa yule yule, au chini yake. Moyo ulikuwa umeanza kuruka hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Daktari akaongeza tembe. Waliporudi tena bila nafuu, alivua miwani akamtazama Ngina moja kwa moja.

"Mama, sema kweli. Hii dawa wewe nameza, ama natupa?"

Ngina akalia. Nzomo alihisi damu ikimpanda, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa akimtilia maji katika kikombe na kumtazama akimeza, asubuhi na jioni. Alisema hivyo. Daktari aliomba radhi. Alisema hajui tena. Kwamba itabidi awaandikie wakubwa wa hospitali, na pengine Ngina apasuliwe tezi iondolewe, ila mimba imekua na moyo ni dhaifu, na mpasuaji hawezi kukata kitu asichokiona.

Mtu wa kwao anayemwomba mkubwa jambo zito haendi mikono mitupu. Nzomo aliliwaza hilo wiki nzima. Kuku hakuwa naye, asali ilikuwa Mbooni. Kitu kizuri alichokuwa nacho kilikuwa kimoja. Basi siku ya Jumamosi, baada ya kazi, akachagua koo la dume la miaka mitatu, akalifunga kwa karatasi safi aliyoiomba kwa karani, akatembea nalo hadi mjini, akapanda ngazi za daktari peke yake.

"Daktari, nimeleta kitu kidogo," alisema, akiweka furushi mezani kwa mikono miwili. "Ni nyama laini. Hata mke wangu, hiyo ndiyo inayomshikilia."

Daktari Lobo alicheka kwa haya, akafungua karatasi ili asimwaibishe mgeni. Akatazama. Kicheko kikakauka. Akachukua kalamu, akaigeuza ile nyama kwa ncha yake, mpaka vile vinofu viwili vikawa juu, vyekundu, vikiwa bado vimeshika kipande cha bomba la pumzi.

"Hii mama nakula?"

"Ndiyo, daktari."

"Mara ngapi?"

"Kila siku ya kazi. Yote ni yake. Mimi siigusi."

Daktari aliketi. Aliisukuma karatasi kando, Nzomo akadhani amemkosea heshima kwa kumletea koo badala ya paja. Kisha akaeleza polepole, akirudia pale alipoona macho ya Nzomo yamepotea. Vile vinofu ndivyo tezi yenyewe. Tezi ya ng'ombe ni kama ya mtu, na homoni iliyomo ndani yake ni ileile. Moto wa jikoni hauiui. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama punje ya njegere, nayo ndiyo nyapara. Ikiona homoni ya koo imepungua katika damu, humpigia kelele mfanyakazi wake afanye kazi; ikiona imezidi, hunyamaza, na mfanyakazi hulala. Tezi ya Ngina ilikuwa imelala zamani, imesinyaa, na ndiyo maana vidole havikuipata. Moto haukutoka kwake. Uliingia kwa mdomo, kutoka katika sahani.

"Na tembe yangu," alisema daktari, sasa kama anajisemesha mwenyewe, "inafunga mikono ya mtu amelala. Mama haisaidii. Mtoto inamfikia."

Nzomo hakuelewa kila kitu, ila alielewa ya kutosha. Alijaribu kukumbuka kama Mungai alikuwa akivitoa vile vinofu na kuvitupa. Hakukumbuka. Miaka yote aliyosugua sakafu alikuwa akitazama kisu cha Mungai, wala hakutazama kilichoanguka chini. Na Mungai alikuwa nyuma ya waya wa kambi ya kizuizi, mahali asipoweza kuulizwa.

Daktari alimpa maagizo. Tembe ziachwe. Koo lisiingie tena katika nyumba ile. Homoni iliyokwisha kuingia mwilini haitoki kwa siku moja, itachukua wiki kadhaa kuungua, na moyo unahitaji kutulia mpaka hapo. Lakini tumaini lipo. Akamshika bega.

"Ambia mama. Ambia kila mtu kule kazini."

Nzomo alitembea kurudi Hurlingham akipanga maneno. Aliyapanga barabara nzima: nitaanza hivi, nitasema hivi. Alipofika, Ngina alikuwa ameketi mlangoni, mikono juu ya tumbo, akamtazama usoni, kisha akatazama kwapani mwake palipokuwa patupu.

"Leo hakuna?"

Maneno yote aliyoyapanga yakampotea. Angemwambia nini mwanamke aliyepoteza mtoto mmoja na kubeba wa pili? Kwamba mkono uliokuwa ukimlisha ndio uliomla? Alifungua mdomo, akajisikia akisema kwamba nyapara amekataza mgao. Kwamba itakuwa hivyo kwa muda. Na tembe pia, daktari amesema ziachwe. Ngina aliinamisha kichwa, akasogea ili ampishe mlangoni. Nzomo akajiambia kwamba atamweleza yote mtoto akishazaliwa, wakati ambapo jambo hilo litakuwa kisa cha kushangaza na si jeraha.

Machinjioni vilevile. Alimwambia nyapara kwamba bega linamuuma, akaomba arudishwe kwenye ngozi. Musembi akachukua kisu cha shingo. Wenzake waliuliza bega lina nini, akasema limeteguka. Kusema mbele ya wanaume kumi kwamba kwa mwaka mzima na zaidi alimlisha mkewe sumu kwa mkono wake, na huku akijisifu, lilikuwa jambo lisilopita kooni. Akachuna ngozi, akangoja wiki zipite. Kila jioni alimtazama Ngina kutafuta dalili ya nafuu, na kila jioni aliiona mikono ikitetemeka vilevile. Akakumbuka maneno ya daktari: wiki kadhaa. Akaendelea kungoja.

Alichosahau, kwa kuwa yeye hakuwahi kuugua, ni desturi. Mtu wa machinjioni akiumia akatoka mahali pake, mgao wake hauhami mara moja na kisu. Anayeshika nafasi huupeleka nyumbani kwa mgonjwa mpaka apone. Na ili asimtie aibu, haupeleki kwake, huupeleka kwa mkewe, mchana, kwa mlango wa nyuma. Musembi alikuwa mtu wa utani, lakini desturi aliishika. Alimwambia Ngina asiseme kitu. Mwanamume aliyenyang'anywa kisu ana kidonda, alisema, na kidonda hakiguswi. Ngina aliona ni kweli. Kumbe ndiyo sababu Nzomo alidanganya kuhusu nyapara, maskini, alikuwa akiona haya. Basi alikaanga mchana, akala, akaosha sufuria kwa jivu, akafungua dirisha, na mumewe alipofika alimpokea kwa ugali na sukuma kama kawaida. Hivyo kila mmoja alimficha mwenzake kwa ajili ya kumpenda.

Siku aliyojua, mvua kubwa ilikuwa imeharibu barabara, gari la nyama likakwama, wafanyakazi wakaachiwa mapema. Nzomo aliingia uani akasikia harufu ya vitunguu. Alisimama, maji yakimdondoka. Kisha akasukuma mlango. Ngina alikuwa amechutama penye jiko, na katika sufuria vile vinofu viwili vilikuwa vimeanza kubadilika rangi.

"Usikasirike," alisema akitabasamu kwa woga. "Ni Musembi. Anasema ni haki yako."

Nzomo aliipiga sufuria teke ikaruka hadi nje. Mafuta yakatapakaa mlangoni. Phoebe, aliyekuwa bombani, alisema baadaye kwamba hajapata kusikia mwanamume akitoa sauti ile. Ngina alirudi nyuma mpaka ukutani, mkono kifuani, akifungua mdomo kutafuta hewa. Moyo wake, uliokuwa ukienda mbio mwaka mzima, ulikuwa umepotea njia. Uchungu ukamshika pale pale, kabla ya wakati wake.

Memsahib alitoa gari. Katika hospitali ya Waafrika mtoto alizaliwa jioni ile, wa kiume, mdogo, shingo yake imevimba pale penye tezi, na hakulia. Hakulia kabisa.

Siku ya pili, saa ya kutazama wagonjwa, Nzomo alimkuta Ngina ameegemezwa juu ya mito kwa sababu akilala chali alikosa pumzi. Miguu ilikuwa imejaa maji. Alikuwa ametulia, lakini kwa utulivu wa kitu kilichokwisha. Muuguzi alisema wamempa dawa ya moyo, na hakumtazama machoni alipolisema hilo. Basi Nzomo aliketi, akashika ule mkono uliobaki mifupa, na mwishowe akasema yote: koo, vinofu, nyapara aliye chini ya ubongo, daktari, uongo wa bega. Alisema bila kupumzika, akiogopa kwamba akinyamaza hataanza tena.

Ngina alisikiliza mpaka mwisho. Pumzi yake ilikuwa fupi, ikabidi aikusanye kwanza.

"Ilikuwa tamu," alisema. Kisha, baada ya muda: "Mbona hukuniambia? Ningekula maharagwe."

Halikuwa shutuma. Angemshutumu angempa kitu cha kujibu. Kengele ya kufunga ikapigwa, wageni wakatolewa, na Nzomo akatoka pamoja nao. Alfajiri Ngina akafariki.

Nzomo alirudi kazini baada ya maziko ya mkewe na mtoto. Hakuna aliyemtania, walimpisha njia, mmoja akamnolea kisu. Musembi alikuwa mahali pa shingo. Alimpa mkono, akarudi kwenye kazi yake. Na Nzomo, akichuna ngozi, akaona kwamba juu ya kibao karibu na Musembi kulikuwa na gazeti lililokunjwa, na ndani yake koo. Sasa hapakuwa na mtu wa kupelekewa Hurlingham, mgao ulikuwa wa Musembi mwenyewe kihalali. Na Musembi alikuwa na mke Riruta, na watoto watatu.

Alijua kwamba akinyamaza, Musembi ataishi bila kujua ni nini alichokibeba kwa mlango wa nyuma. Akisema, mtu huyu mwema hatalala tena. Ngozi ikamponyoka mkononi. Akaenda akasimama kati ya ndoano, akasema mbele ya wote, kwa sauti ya chini, alichoambiwa na daktari. Alichukua koo kutoka katika gazeti akawaonyesha vile vinofu kwa kidole. Alisema ni mwaka gani alianza kumlisha. Alisema kwamba bega lake halikuwahi kuuma.

Musembi alitazama mikono yake, kisha akamtazama Nzomo.

"Kwa hiyo na mimi nilimpelekea."

Nzomo alitamani kusema hapana. "Mimi na wewe," alisema.

Musembi aliweka kisu chini, akaenda bombani, akaosha mikono mpaka nyapara akaja kupiga kelele kwamba nyama ya Muthangari imechelewa. Mwisho wa mwezi aliwachukua mkewe na watoto akarudi Ukambani. Hakumuaga Nzomo, na Nzomo hakwenda kuagwa.

Mahali pa shingo hapakupata mtu. Kila aliyepewa kisu alisema heri matumbo. Kwa hiyo Nzomo alipashika tena, akapakalia miaka mingi. Kila asubuhi alivitoa vile vinofu viwili kwa vidole vyake, kimoja kimoja, akavitupa katika shimo la chokaa, na nyama iliyobaki akawaachia wenzake wagawane. Yeye alitembea kwenda nyumbani mikono mitupu. Chumba cha Hurlingham kilikuwa kimepewa mwanamke mwingine wa kupiga pasi, na alikopanga, Riruta, alikuwa na jiko ambalo hakuliwasha.